Pile Mbili za Sura ya Sifa

Wamama wenzangu wa Muheto, muliniuliza shambani, mukaniuliza kwenye mulango wa kanisa, na mumoja wenu (anajijua) aliniuliza hata katikati ya maombi, macho yake yakiwa yamefungwa. Nimechoka kusimulia nusu nusu. Kila muntu amebeba kipande chake na kukitia chumvi. Nimesikia ati nilipiga waasi foto. Nimesikia ati askari alinivunja jino. Meno yangu yako yote yaliyokuwa yamebaki. Ni kweli kuna jino katika habari hii, lakini si langu, na tutalifikia kwa zamu yake.

Njo maana nimekaa nikaandika. Mwandiko wangu munaujua, ni wa muntu aliyetolewa masomoni kwenda kuchunga ndama. Anayejua kusoma awasomee wengine, na asiongeze neno. Habari za karatasi na ruhusa za njia nimeziacha. Kila mumoja wenu amesimama mbele ya zile meza, sioni haja ya kuwasimamisha tena.

KWA NINI NILIONDOKA

Wenye kufika hapa baada ya vita vya kwanza hawakumujua Sifa. Ni mudogo wangu, tumbo moja. Siku ile tulipokimbia, mimi na mama tulishuka upande wa ziwa, yeye akavutwa na kundi lililokwenda upande wa pori, Walikale. Baadaye watu wakaleta habari: amekufa akivuka mto. Tukakaa matanga. Mama akafunga kitambaa cheusi kichwani, na tangu siku ile hakukitoa. Mulimuona nacho kila siku, mukadhani ni baridi.

Halafu mwaka huu akapita mwanaume mumoja muuza mawese, akasema: Sifa ni muzima. Mguu wake ulivunjika ukapona vibaya, hawezi safari ndefu, lakini yuko, ana bwana, anaitwa Yona, mukulima na muwindaji. Mimi nilipiga magoti. Mama hakusogea kwenye kiti.

“Maneno yalisema amekufa,” akasema, “nikamulilia. Leo maneno yanasema ni muzima. Sitaki tena maneno. Mimi nataka sura.”

Sasa, macho ya mama munayajua. La kushoto lilifunga zamani. La kulia limeingiwa na wingu, na muganga wa hospitali alituambia wazi kwamba nalo halitachelewa. Kumubeba mama mpaka Walikale haiwezekani. Kumubeba Sifa mpaka hapa haiwezekani. Kilichobaki ni mimi, na foto, na lile jicho moja.

MUHETO MPAKA BWEREMANA: KUCHAGUA PILE

Nilishuka kwanza Bweremana kwa mutoto wangu Neema, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, kwa sababu bwana yake aliacha nyumbani aparei ya foto, ile ndogo isiyotumia filimu. Harufu ya sambaza zinazoanikwa ilinipokea mbali kabla sijaona ziwa. Tukakula sambaza za kukaanga na bugali ya mihogo, mpaka nikasahau kwamba nilikuwa na haraka.

Neema akanifundisha. Huku kuna kifungo cha kuwasha. Huku cha kupiga. Huku unazima ule mwanga unaowaka kama radi. Na huku unazima kioo cha nyuma, ukiona nguvu inapungua, halafu unaangalia kwa tundu.

“Mama, shida yake ni moja,” akasema. “Hii aparei inakula pile, betri zake, vibaya. Ukitia zile za radio, foto mbili tatu, imekufa. Inataka pile za kusharji, zinazojazwa umeme tena. Na hizo ukishazisharji usiziweke muda mrefu. Zinapungua hata bila kutumika.”

“Kitu kisichofanya kazi kinapungua je?”

“Sijui, mama. Zinapungua tu.”

Sikuamini. Nilidhani ni uvivu wa watoto wa siku hizi, kutumia kitu haraka na kutafutia sababu.

Tukaenda kwenye duka ya Papa Muhindo. Ni mutu wa Butembo, ana duka, ana lori, na ana mudomo usiopumzika. Akatandika pile juu ya meza kama karata. Kulikuwa na za rangi ya zahabu, zinang'aa, na namba kubwa imeandikwa ubavuni. Kulikuwa na za kijani, zimefifia, namba yake ndogo.

“Hizi za zahabu,” nikasema. “Si namba njo nguvu?”

“Mama, namba ni wino. Hata mimi naweza kujiandika Mwami, mutawala wa nchi, hapa kwenye paji la uso. Shika moja mukono huu, moja mukono huu.”

Nikashika. Ninyi munanijua kwenye mbegu: kiazi kibovu kwa ndani siwezi kukinunua, mukono wangu unakikataa. Ile ya zahabu ilikuwa nyepesi kama gunzi la mahindi. Ile ya kijani ilikuwa nzito, imejaa.

“Na kwa nini unauza hii takataka?” nikamuuliza.

“Kwa sababu watu wanapenda zahabu, mama. Mimi nani niwakatalie?”

Nikachukua za kijani, jozi mbili, pamoja na sharjeri yake, kile kisanduku cha kuzichomeka ukutani. Papa Muhindo akanionya: pile zilizoanza kazi pamoja zibaki pamoja, usichanganye iliyochoka na yenye nguvu, maana iliyochoka inaivuta mwenzake chini. Na zisiguse maji. Nikafunga jozi moja na uzi mweusi, ingine na uzi mweupe, nikazitia zote katika mukebe wa maziwa ya unga. Aparei nikaifunga na plastiki, nikaizika chini ya sambaza kwenye kitunga. Vijana wa kwenye vizuizi hawapendi foto. Sambaza wanazipenda, lakini hawachimbui mpaka chini kwa sababu ya harufu. Ile aparei mpaka leo inanuka. Neema analalamika. Alalamike.

BWEREMANA MPAKA MASISI: JUU YA LORI

Lori ilikuwa ya huyu huyu Papa Muhindo, imejaa chumvi na sabuni, na sisi juu ya chumvi. Alipojua nimebeba aparei hakuniachia nafasi.

“Mama Neema, nipige foto moja tu. Nimutumie bibi yangu Butembo, aone navyoteseka.”

“Hapana.”

“Moja!”

“Umenifundisha mwenyewe pile ni kazi gani. Foto ni ya Sifa. Na pile bado hazijasharjiwa.”

“Basi zikisharjiwa.”

“Hapana vilevile.”

Akacheka, akasema mama huyu angefaa kuwekwa kwenye kizuizi, barabara yote ingeheshimika.

Kupita Sake, barabara ikaanza kupanda, na moyo wangu ukaanza kuuma. Ninyi wa umri wangu munakumbuka. Zile vilima zote zilikuwa majani, na juu ya majani ng'ombe, na ng'ombe walikuwa na majina. Baba alijua ng'ombe za watu kwa sauti tu. Mulangoni mwa kila nyumba ulipita, ulipewa mashanza, maziwa ya mugando, kwenye kibuyu, na hakuna aliyekuuliza wewe ni kabila gani kabla ya kukupa. Siku hizi majani yako palepale, marefu, mazuri, na hakuna wa kuyakula.

Karibu na Kingi lori ikazama kwenye matope mpaka tumboni. Tukashuka. Wanaume wakachimba, wakasukuma, wakatukana. Mvua ikaja ikawaosha, ikaongeza matope. Tukalala kwa mama mumoja wa Kingi ambaye hatukumujua, mujane. Akapika viazi vya maganda, akavimwaga juu ya jani la mugomba, akatoa na kipande cha formaji, jibini, alichokuwa amekificha chini ya kitanda. Formaji ya Masisi, wamama! Nilidhani imekwisha duniani. Niliitia mudomoni nikafunga macho, nikajiona mutoto na Sifa, tumejificha nyuma ya kiraro cha ng'ombe, tunakula formaji ya kuiba, na yeye anacheka kwa sauti mpaka tunakamatwa. Kila mara tulikamatwa kwa ajili ya kicheko cha Sifa. Muntu aliweza kumusikia anacheka mpaka ngambo ya bonde.

Yule mujane akaniomba nimupige foto na mutoto wake mugonjwa. Nikamukatalia naye. Nikamuachia sambaza. Nilifanya inavyopaswa, lakini sura yake imenibakia, na ninyi munaoniuliza alifanana na nani, sina cha kuwaonyesha.

MASISI: KUSHARJI

Masisi kulikuwa na nyumba moja yenye grupu, ile mashine ya umeme inayokula mafuta, na mwenyewe wote walimuita Papa Grupu. Ndani, ukuta muzima ni nyaya, na kwenye nyaya simu za watu zimening'inia kama popo. Muntu anaacha simu yake, anaandika jina kwenye karatasi, anaondoka. Mimi sikuondoka. Nilitafuta kigoda, nikakaa mbele ya sharjeri yangu kama muntu anayechunga maziwa yasimwagike motoni. Taa mbili ndogo nyekundu zikawaka.

Baada ya muda nikagusa pile. Moto! Nikagusa tena. Nikazichomoa zote.

Papa Grupu akaruka. “Mama! Unafanya nini?”

“Zimeiva.”

“Zimeiva? Mama, hii si mahindi! Rudisha! Taa ikigeuka kijani njo utatoa.”

“Na zikipasuka?”

“Zikipasuka uje unilaumu mimi.”

“Nitakulaumu wewe na aliyekuzaa.”

Watu wakacheka mpaka mama wa mandazi, aliyekuwa amekaa mulangoni, akamwaga chai. Nikarudisha pile, nikakaa. Ndiyo, niliona haya kidogo. Lakini niambieni, katika maisha yenu kitu gani kingine munakiweka kwenye nguvu mpaka kinakuwa moto, halafu munaambiwa bado?

Grupu ikazimika. Mafuta yamekwisha. Papa Grupu akatuma muntu kutafuta mafuta, muntu akarudi bila kitu: magari yenye bunduki yalikuwa yamepita na kuchukua yote. Tukangoja mpaka kesho yake. Nilikula mandazi na chai ya tangawizi, nikalala kwa yule mama wa mandazi, na asubuhi nikarudi kwenye kigoda changu. Mafuta yakapatikana. Nikangoja tena mpaka taa zikageuka, moja kwanza, halafu ingine. Papa Grupu akazigusa, akazipeleka mbali na dirisha la jua zipoe. Nikajaribisha: aparei ikafungua jicho, kioo kikawaka, mama wa mandazi akajiweka sawa na kutabasamu. Nikaizima.

“Ah, Mama Neema! Hata mimi?”

“Hata wewe.”

KUPITA NYABIONDO: PILE ZA ASKARI

Kutoka pale gari hakuna. Nilijiunga na wamama waliobeba chumvi kwenda kubadilisha na mawese, tukaenda kwa miguu, kupita Nyabiondo, mpaka vilima vikakwisha na pori ikaanza. Njia hiyo niliifahamu. Nikiwa musichana nilipita hapo na baba, tumebeba siagi na maharage, na wenyeji wa pori walikuja kutukuta katikati na mawese na nyama kavu. Hakuna aliyebeba silaha isipokuwa mukuki wa nguruwe. Tulilala kwao, wao walilala kwetu. Baba alikuwa na rafiki mumoja huko, na kila mara walipokutana walianza kwa kutukanana kwa muda murefu, ndipo wanakumbatiana. Nilipita mahali walipokuwa wakikutana. Jiwe lao la kukalia bado lipo. Nimelikalia kidogo. Wamama wakadhani nimechoka, sikuwaeleza.

Kizuizi kilikuwa mbele tu. Kamba, na wanaume wenye bunduki, na mukubwa wao mwenye ndevu, amekaa na radio kwenye magoti. Radio iko kimya.

“Koko, mu kitunga iko nini?” akauliza, akiniita mama muzee.

“Sambaza.”

Akafungua mukebe wa maziwa. “Na hii?”

“Pile.”

“Radio iko wapi?”

“Sina radio.”

Akaniangalia. “Muntu bila radio anabeba pile ya nini?”

Chini ya zile sambaza ilikuwa aparei, na akiiona nitaitwa mupelelezi, na munajua kinachofuata. Nikasema: “Ni za mudogo wangu, anangoja kule Walikale.” Na haikuwa uongo.

Akachukua jozi ya uzi mweupe, akaitia kwenye radio. Wimbo wa Kilingala ukalipuka mpaka ndege wakaruka. Yule mukubwa akafungua mudomo kama mutoto. “Eeh! Koko! Hii iko na nguvu!” Vijana wake wakaanza kucheza, bunduki mugongoni. Kitunga kikasahauliwa.

Ningenyamaza nikapita. Lakini sikuweza.

“Wewe, sikiliza,” nikamwambia. “Hizo si za kutupa. Zikikufa usizitie motoni, usizitupe porini. Ziweke. Nitazipitia nikirudi.”

Mama aliyekuwa nyuma yangu alinifinya mpaka alama ilibaki. Mukubwa akacheka. “Koko, unaniazimisha?”

“Ninakuazimisha.”

“Sawa, Koko. Pita.”

Nikapita na jozi moja, ya uzi mweusi. Nikajiambia inatosha, foto ni moja.

KWA SIFA

Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, anamenya ndizi. Alizeeka. Wamama, nisiwadanganye, kama ningekutana naye sokoni ningempita. Uso umekonda, nywele nyeupe, mguu umepinda pembeni. Akainua macho, kisu kikaanguka.

“Yaya?” akasema, kama alivyoniita tangu utoto, mimi dada yake mukubwa.

Tukashikana pale pale juu ya maganda ya ndizi.

Bwana yake, Yona, ni muntu mufupi, mupole, mwenye mizaha kavu. Alinipokea kwa lituma, ile ndizi ya kuponda, na sombe ya majani ya mihogo iliyoelea kwenye mawese, na nyama ya nungu. Halafu akanyoosha mikono kupokea mizigo yangu. Katika nyumba yao wana desturi waliyoirithi kwa baba yake muwindaji: kitu cha mugeni kinalala juu ya moto, kwenye dari ya fito pale wanapokaushia mbegu na nyama, mpaka mugeni aseme ninaondoka. Hivyo nyumba inakijua na haikipotezi. Yona anasali, anapiga kengele ya kanisa kila Jumapili, na hiyo desturi hajaiacha. Akachukua mukebe wa pile, akauweka juu.

Mimi nilifurahi. Kule pori kila kitu kinaota ukungu, hata viatu. Papa Muhindo si alisema zisiguse maji? Nikaona hapana mahali pakavu zaidi ya pale.

“Sifa, simama nikupige sasa hivi,” nikasema.

“Hivi? Yaya, una wazimu? Mama anione hivi? Nisuke kwanza. Kitenge changu kizuri nimeazimisha kwa muntu wa harusi, kitarudi Jumapili. Na nitafunga mudomo, ile jino isionekane. Unakumbuka mama alivyoichukia?”

Nilikumbuka. Ndama mweupe wa baba alimupiga teke akiwa mutoto, jino la mbele likakatika mushazari. Mama alimwambia kila siku afunike mudomo akicheka, na Sifa kila siku alisahau. Lakini sasa naona amejifunza. Siku zote nilizokaa pale, alitabasamu na midomo imebanwa, na kicheko chake cha ngambo ya bonde sikukisikia.

Basi tukangoja Jumapili. Mvua ilinyesha bila kupumzika, moto ukawaka bila kuzimika, na pile zikakaa juu yake.

Jumapili, kutoka kanisani, Sifa akakaa kwenye kiti, amesukwa, amevaa, amefunga mudomo kama muntu aliyemeza nzi na hataki watu wajue. Majirani wakakusanyika. Nikawasha. Aparei ikafungua jicho, kioo kikawaka, ikaonyesha alama nyekundu, ikafunga jicho. Nikawasha tena. Haikufungua hata. Nikazipangusa pile, nikazigeuza, nikazima kioo, nikazima mwanga, yote Neema aliyonifundisha. Kitu hakuna.

Yona akachukua pile moja, akaishika. Bado ilikuwa na uvuguvugu wa moto. “Shemeji, hizi zinapenda joto?”

Hapo nikakumbuka Papa Grupu akizigusa na kuzipeleka mbali na dirisha la jua. Na Neema: zinapungua tu. Nikajibu, “Nadhani hazipendi.”

Yona akainuka. Akaenda kutafuta kofia. Kwenye kambi ya wachimbaji, mbele ya kilima, kuna mufanyabiashara mwenye bamba la jua la kusharji simu.

“Usiende,” Sifa akamwambia. “Walisema wenye bunduki wamefika kule.”

“Mama yako anangoja,” Yona akasema. “Na njo mimi nimezikausha.”

Akaondoka asubuhi ya Jumatatu na mukebe wangu, pile na sharjeri ndani. Mchana tukasikia risasi upande ule ule. Jioni hakurudi. Kesho yake hakurudi. Watu waliokimbia kutoka kambini walipita, tukawauliza, hakuna aliyemuona. Sifa akafumua misuko yake yote, akavua kitenge, akakaa chini kwenye majivu. Alisema neno moja tu.

“Yaya, ulileta aparei, ukanitoa bwana.”

Nilipika, hakula. Nilijiona nikirudi kwa mama na habari ya Sifa bila sura, na nyuma yangu nimeacha mujane. Nilisali, lakini sala yangu ilikuwa ya hasira, Mungu anisamehe.

Siku iliyofuata, jua likianza kutoka kidogo, Yona akatokea kati ya migomba. Matope mpaka shingoni, kiatu kimoja, kofia ameishika kichwani na mikono miwili. Ndani ya kofia, mukebe.

Akanipa mukebe mimi kwanza. “Taa haikufika kijani, Shemeji. Jua lilikuwa kidogo, halafu watu wakaanza kukimbia.” Mikono yangu ikafanya kazi yenyewe: nikatia pile, nikazima kioo, nikazima mwanga, nikaweka jicho kwenye tundu.

Sifa alikuwa bado chini. Alimuangalia bwana yake kama muntu anayeangalia mizimu, machozi yanashuka.

“Walikupiga risasi?” akauliza.

“Walinipiga nyingi,” Yona akasema. “Zote zilikosa. Wale vijana, macho yao njo yangepelekwa kusharji.”

Sifa akacheka. Akacheka kile kicheko chake, kichwa nyuma, mudomo wazi wote, mpaka jirani akatoka kuangalia. Nikabonyeza.

Tik.

Nikabonyeza tena, aparei ikafunga jicho na kulala.

“Yaya! Hapana! Sijavaa! Nywele zangu!” Akafunika mudomo. “Jino limeonekana?”

“Sijui,” nikasema. Na ilikuwa kweli. Kioo hakikuwaka tena, sikuweza kuona kama nimepata sura ao nimepata ukuta.

KURUDI

Nilirudi nimebeba kitu nisichojua kama kipo. Kwenye kizuizi, mukubwa mwenye ndevu alikuwepo, radio kimya. Akaingiza mukono mufukoni, akanirudishia jozi yangu, uzi mweupe umekuwa wa kahawia. Pile zote mbili zilikuwa na alama za meno.

“Zilikufa, Koko. Nilizianika juani, nikaziuma vizuri, hazikufufuka.”

Ninyi nyote munauma pile za radio zikichoka, msimucheke. Nikamuuliza jina la mama yake, akaniambia. Nikamwambia amusalimie akimuona. Akaangalia pembeni, akafungua kamba.

Masisi nyumba ya Papa Grupu ilikuwa imefungwa, watu wamekimbia, kigoda changu kiko nje kwenye mvua. Mama wa mandazi sikumukuta. Mpaka Bweremana sikujua kitu. Neema akatia pile zingine, akaangalia kioo, akaangalia tena, hakunionyesha. Akapanda mutumbwi na aparei kwenda Goma, akarudi na foto kwenye karatasi kubwa kama sahani ya bugali.

Zile pile zilizoumwa tumezisharji. Zinafanya kazi, na meno yake.

MUHETO

Nilimukuta mama ameketi nje, kwenye jua, mahali pake. Nikampa foto. Akaileta karibu na jicho lake, karibu kabisa, pua inagusa karatasi, akaanza kuitembeza kidogo kidogo.

“Huyu ni muzee,” akasema.

“Ni Sifa, mama.”

“Sifa si muzee. Huyu ni muzee wa watu, amekaa kwenye majivu.” Akaendelea kutembeza. Nywele. Paji la uso. Nilisimama pale, nikifuata karatasi kwa macho. Halafu karatasi ikasimama. Mama akatoa kidole, akakiweka katikati ya foto, akakiacha pale.

“Ndama,” akasema.

Nikachuchumaa kando yake.

“Ndama mweupe wa baba yenu.” Sauti yake ilikuwa imebadilika. “Nilimwambia kila siku afunge mudomo akicheka. Kila siku! Hasikii. Hata leo hasikii.”

Akafungua kile kitambaa cheusi kichwani, akapangusa nacho jicho, halafu akaipangusa foto, polepole, pale mudomoni, kama muntu anayemupangusa mutoto. Akakikunja, akakiweka chini ya kiti.

Njo munavyomuona siku hizi kichwa wazi.